Zamu Yangu ya Kuni

Basi lilinishusha Tandala saa kumi na moja jioni,
mvua nayo ikashuka, kana kwamba tulipanga.
Kibegi kimoja tu. Hakuna gunia la mchele wa Usangu,
hakuna runinga iliyoviringishwa blanketi juu ya keria
kama mwaka juzi, nilipokuwa bado na duka.

Njia nzima tangu Makambako nilikuwa natunga maneno:
Mama, mwaka huu biashara…
Mama, si unajua mambo ya mjini…
Nikafika nayo mlangoni, yamejipanga kama wanakwaya.
"Kamwene," akasema.
"Kamwene, mama."
Akanitazama viatu.
"Vua hivyo. Jikoni moshi mtupu, kuni zimelowa,
na zamu ya kupasua ni yako."

Hotuba yangu ikafia kizingitini.

Asubuhi ukungu umekaa uani
kama mgeni aliyekataa kiti.
Bonde halionekani, misindano haionekani,
jogoo anawika toka mahali fulani ndani ya maziwa.
Mikono hii ilishazoea kuhesabu noti, ikalisahau shoka.
Alatanga wa dada yangu, miaka sita, sweta mbili,
kamasi moja ndefu,
amekaa juu ya gogo, hakimu:
"Umekosa, mjomba.
Umekosa tena.
Hee, umekosa!"
Pigo la nne muwati unapasuka,
na harufu yake inanishika shingo
inanirudisha darasa la tatu, peku, nimechelewa namba.

Tuko kumi na mmoja, blanketi sita.
Usiku kila anayegeuka anawageuza wote.
Enelia anakoroma na anakataa,
shemeji anaota kwa sauti bei ya viazi.
Peasi bado mbichi, watoto wanazimaliza kwa chumvi,
na chini ya gari la Obeti, lenye vumbi la mikoa mitano,
kuku wamejikinga mvua, hawana habari ni la nani.

Ni Obeti aliyeniambia, tukiwa tumekinga mbeta,
mtogwa ukidondoka tone, tone, hauna haraka na mtu:
"Mama anajua. Nilimwambia mwezi wa tisa."
"Akasemaje?"
"Aliuliza kama unakula."

Nikanyamaza.
Mwanzi ukaendelea kudondoka.

Mkesha, bati la kanisa lilipigwa na mvua
hata kwaya ikabaki midomo inayofunguka na kufumba.
Mwinjilisti akafunga kitabu, akacheka, akangoja.
Nasi tukangoja, mabega kwa mabega, makoti yakifuka mvuke,
na sijui kama nimewahi kusali vizuri
kuliko dakika zile ambazo hakuna aliyesikia kitu.

Sikukuu yenyewe? Tulikula.
Pilau ilikuwa na ukoko, ukoko ukagombewa na watu wazima.
Baba mdogo Tweve alisimulia ile habari ya nguruwe aliyeingia ofisi ya kata,
tunaijua neno kwa neno, tukamrekebisha alipokosea.
Mchana wote sikufanya lolote.
Nilikaa. Nikasogea moto ulipochoma, nikarudi baridi iliponiuma.
Simu haikuwa na chaji, na mimi sikuitafutia.

Usiku, sahani zimeoshwa, nusu ya nyumba imelala,
mama akachokonoa majivu kwa kijiti
akatoa viazi vitatu alivyovifukia bila kusema,
kana kwamba pilau ilikuwa mzaha wa mchana
na chakula ndiyo hiki.
Akanirushia kimoja. Nikakidaka, kikaniunguza,
nikakihamisha mkono huu, mkono huu, kama mtoto.

"Moto wa leo mzuri," akasema, akiutazama huo moto.
"Kuni kapasua nani?"

Na Alatanga, niliyedhani amelala mapajani kwangu,
akajibu bila kufumbua macho:
"Mjomba.
Alikosa mara tatu."